Mkopo wa kulipia madeni wa SACCOS yetu ya walimu: tathmini ya mwanachama

Mkopo wa kulipia madeni unaotolewa na SACCOS yetu ya walimu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, hapa Morogoro ndio huduma pekee niliyoiona ikimtoa mtumishi wa kipato cha kawaida kwenye mikopo ya kausha damu bila kumtumbukiza kwenye deni jingine baya kuliko la kwanza. Una kasoro kubwa, nazo nitazieleza bila kuficha, lakini ningemshauri mwalimu yeyote mwenye sifa auombe kabla hajafikiria njia nyingine. Nimekuwa mwanachama kwa muda mrefu, nimewadhamini wenzangu kadhaa, na mwaka jana niliambatana na mwalimu mmoja wa shule yetu tangu alipochukua fomu hadi kadi yake ya benki iliporudi mkononi mwake. Ameniruhusu kuzieleza hesabu zake, mradi jina lake nisilitaje.

Mikopo ya kausha damu, ambayo wengine huiita mikopo umiza, inajulikana na karibu kila anayeishi kwa mshahara nchini Tanzania. Mtu huandikishiana na mkopeshaji karatasi ya ukurasa mmoja, huacha kwake kadi ya benki pamoja na namba ya siri, na mshahara ukiingia mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine ya kutolea fedha. Riba ya asilimia 20 au 30 kwa mwezi ni jambo la kawaida huko, ilhali Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na orodha ya waliopewa leseni iko wazi kwenye tovuti ya Benki Kuu. Mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni anafanya biashara kinyume cha sheria, hata kama ana kibao kizuri mlangoni na mkataba uliogongwa muhuri. Upande wa simu nako hali ilikuwa mbaya, kwani Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Nataja haya mapema kwa sababu wadaiwa wengi huamini kuwa wao ndio wenye makosa mbele ya sheria, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya waendelee kulipa kimya kimya mwaka baada ya mwaka.

Mwenzangu alikuwa na madeni ya aina mbili. Mkopeshaji mmoja wa mtaani alimdai shilingi 400,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, mwingine alimdai 500,000 kwa asilimia 30, na mikopo ya simu ilikuwa imefikia jumla ya 300,000. Kwa wale wawili wa mtaani peke yao, riba ilikuwa shilingi 230,000 kila mwezi, nayo ililipwa bila kupunguza hata shilingi moja ya fedha alizokopa. Madeni hayo hayakutokana na anasa. Yalianza na matibabu ya mama yake, yakakutana na ada ya mtoto aliyekuwa chuoni, kisha mkopo wa pili ukachukuliwa ili kulipa riba ya ule wa kwanza, na mikopo ya simu ikaanza kutumika kununulia chakula katika wiki mbili za mwisho wa mwezi. Yeyote anayekaa kwenye chumba cha walimu ameisikia hadithi ya namna hii zaidi ya mara moja, na inaniuma kila ninapoisikia, kwa kuwa mara nyingi anayeisimulia ni mtu mchapakazi na mwenye nidhamu.

Alikwenda kwanza kwenye benki inayopitisha mshahara wake, akaomba mkopo wa watumishi ambao ungelipa madeni yote kwa mara moja. Alikataliwa. Mikopo yake ya simu ilikuwa imechelewa, na kuchelewa huko kulionekana kwenye ripoti ya taarifa zake za mikopo, ile ambayo benki huipata kutoka kwenye taasisi kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalitambui: mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni hapeleki taarifa zozote huko, kwa hiyo deni lililokuwa likimnyonya zaidi halikuonekana kabisa, na lililomharibia jina ni lile dogo la simu. Mkopaji ana haki ya kuona taarifa zake mwenyewe na kudai zisahihishwe pale zinapokosewa, na ni vyema kufanya hivyo kabla ya kupeleka maombi popote, kwa sababu deni lililokwisha kulipwa lakini likasahaulika kufutwa linaweza kumfungia mtu mlango bila yeye kujua sababu.

SACCOS haikuanzia kwenye ripoti hiyo. Afisa mikopo aliiomba, akaisoma, akauliza maswali, kisha akaiweka kando na kuangalia mambo ambayo chama kinayajua kwa macho yake chenyewe: mwanachama amekuwa akichangia akiba kila mwezi au la, mkopo wake uliopita aliurejesha vipi, nani wako tayari kumdhamini, na kwenye hati yake ya mshahara kumebaki nafasi gani ya makato. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote, na nafasi hiyo mwenzangu alikuwa nayo, kwa sababu mikopo ya kausha damu haipiti kwenye hati ya mshahara. Kwa maneno mengine, kwenye karatasi alikuwa mtu mwenye mshahara mzima, na nyumbani alikuwa mtu asiye na nauli. Mtu aliyeharibikiwa jina kwenye taasisi za mikopo lakini hajawahi kukosa mchango wa akiba anaonekana kwenye SACCOS jinsi alivyo, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa ya kwanza ya huduma hii.

Masharti yenyewe ni haya. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba, riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi inayotozwa kwenye salio linalopungua, muda wa marejesho unafika hadi miezi 24, na wadhamini wanaotakiwa ni watatu, wote wanachama. Mwenzangu alikuwa na akiba ya shilingi 320,000, hivyo aliweza kupata 960,000, kiasi kilichotosha kuwamaliza wakopeshaji wawili wa mtaani na kubakiza kidogo kwa ajili ya simu. Wadhamini tulikuwa mimi, mwalimu mkuu msaidizi na mwalimu mmoja wa shule jirani.

Sifa ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo inayoifanya huduma hii ifanye kazi, ni kwamba fedha za kuwalipa wadai wa mtaani hazipiti mkononi mwa mkopaji. Chama hulipa mdai moja kwa moja, na hakilipi mpaka kipate barua ya salio inayoonyesha deni lililobaki. Nilidhani sharti hilo lingekwamisha kila kitu, kwa kuwa mkopeshaji asiye na leseni hapendi kuandika chochote kinachoweza kusomwa na mtu mwingine, na kweli mmoja wao alikataa katakata. Afisa mikopo hakubishana naye. Alimwomba mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, akapanga siku, na tukaenda wote wanne hadi kwenye duka la mkopeshaji, ambalo kwa mbele linauza vocha na vifaa vya simu.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa kadi za benki zilizofungwa kwa mipira ya plastiki, na nyuma ya kila kadi kulikuwa kumebandikwa kipande cha karatasi chenye tarakimu nne. Mkopeshaji alizipekua kama mtu anayetafuta karata, akaitoa ya mwenzangu, lakini hakuiachia. “Mwalimu, mbona haraka hivyo?” alisema kwa upole. “Ungelipa riba tu ya mwezi huu, mtaji tungeuacha uendelee.” Sentensi hiyo ilinieleza biashara nzima kuliko maelezo yoyote niliyowahi kusoma, kwani mtu anayepewa fedha zake zote na akasikitika ni mtu ambaye hakuwahi kutaka zirudi. Afisa mikopo alimjibu kwa adabu ile ile: “Kaka, leo tunafunga deni lote. Tunaomba kadi, mkataba, na sahihi yako hapa kuwa humdai tena.” Mwenyekiti wa mtaa aligonga muhuri kwenye karatasi mbili, moja ikabaki kwa mwenzangu na nyingine ikaingia kwenye faili la SACCOS. Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja benki, kadi ile ikafutwa na nyingine ikaombwa, hatua ambayo SACCOS huisisitiza na ambayo mtu peke yake angeweza kuiahirisha. Kumpa mtu mwingine namba ya siri ni kuvunja masharti ya benki, na fedha zikipotea kwa njia hiyo mwenye akaunti hana pa kulalamikia.

Hesabu za baada ya hapo ni nyepesi kuzifuata. Mwenzangu alichagua kurejesha kwa miezi 12, kwa hiyo anapunguza deni kwa shilingi 80,000 kila mwezi, na juu yake hulipa riba iliyoanza na 14,400 katika mwezi wa kwanza na kushuka kwa 1,200 kila mwezi unaofuata. Marejesho ya mwezi wa kwanza yalikuwa 94,400, na riba ya mwaka mzima ni 93,600. Riba hiyo ya miezi 12 haifikii nusu ya ile 230,000 aliyokuwa akiwapa watu wawili kila mwezi. Zaidi ya shilingi 135,000 zilibaki kwenye mshahara wake tangu mwezi wa kwanza, na ndizo alizozitumia kumaliza mikopo ya simu.

Kuhusu simu, kuna jambo moja la kiutendaji ambalo SACCOS haiwaelezi wanachama vya kutosha. Huduma kama Songesha ya Vodacom hukata deni pale tu fedha zinapoingia kwenye akaunti ya M-Pesa ya mkopaji. Mwanachama akiomba salio la mkopo wake litumwe kwenye simu, linaweza kumezwa kabla hajaliona, na mpango aliouandaa wa kulipa deni fulani kwanza ukavurugika. Mwenzangu aliponea chupuchupu kwa kuwa mhasibu alimuuliza kwa bahati tu kama ana deni kwenye simu, kisha akaziingiza fedha kwenye akaunti ya benki. Swali hilo linapaswa kuwa kwenye fomu.

Fomu hiyo pia haisemi wazi kwamba chama hukata asilimia 1 ya mkopo kwa ajili ya mfuko wa kinga, ule unaolipa deni endapo mkopaji atafariki. Sina ugomvi na mfuko huo. Umezisaidia familia ninazozifahamu. Ila mwanachama aliyepanga 60,000 kwa ajili ya simu akapokea 50,400 anahisi amechezewa, na kwa mtu ambaye ametoka kwenye mikono ya wakopeshaji wanaokata bila kueleza, hisia hiyo ni nzito kuliko shilingi 9,600 zenyewe.

Kasoro kubwa ya kwanza ni foleni. SACCOS hukopesha fedha za wanachama wake, na Januari, wakati kila mzazi anatafuta sare, madaftari na michango ya shule, maombi huwa mengi kuliko fedha zilizopo. Mkopo wa kulipia madeni hupangwa kwenye foleni moja na mkopo wa kununua pikipiki au kupaua nyumba, kwa utaratibu wa aliyewahi fomu. Kila mwezi ambao mwenzangu alisubiri ulimgharimu 230,000, ilhali aliyekuwa mbele yake, akisubiri bati, hakupoteza kitu. Nimelisema hili kwenye mkutano mkuu na nitaendelea kulisema, kwa kuwa haki ya kuhudumiwa kwa zamu inageuka kuwa dhuluma pale ambapo kusubiri kunamuumiza mmoja tu.

Ya pili inawagusa wale wenye hali mbaya zaidi. Sharti la mara tatu ya akiba lina mantiki, lakini mtu aliyebanwa na kausha damu kwa muda mrefu aghalabu amekwisha kupunguza akiba yake hadi kiwango cha chini kabisa, au hajawahi kujiunga. Mwalimu mpya hutakiwa kuchangia kwa miezi sita kabla ya kuruhusiwa kukopa. Ninawafahamu waliofika ofisini, wakaelezwa hivyo, wakageuka na hawakurudi tena. Huduma inayodai kuwatoa watu kwenye madeni haiwezi kuridhika na kuwahudumia wale tu ambao hawajazama sana.

Udhamini nao una ugumu wake, na anayeombwa audhamini mkopo anapaswa kuelewa anachotia sahihi. Akiba yangu imezuiwa kwa kiasi nilichodhamini mpaka mwenzangu amalize, na akishindwa, chama kitakata kwangu. Nilikubali kwa moyo mmoja kwa sababu chama hulipa mdai moja kwa moja, na nilijua fedha haziendi kwingine. Vilevile, mkopaji analazimika kuwaeleza watu watatu siri ambayo pengine hajamweleza hata mwenzi wake. Kwenye hilo ofisi yetu ina adabu. Mazungumzo yalifanyika mlango umefungwa, na sikusikia jambo hilo likizungumzwa shuleni.

Njia nyingine zipo, na baadhi ni nzuri kwa watu wengine. Benki ina fedha nyingi na muda mrefu wa marejesho, ila humtaka mtu mwenye ripoti safi, na mkopo wa miaka mingi humfanya mtumishi alipe deni la msiba wa leo hata baada ya mtoto wake kumaliza chuo. VICOBA, yaani vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopeshana, ni msaada mkubwa kwa dharura ndogo, lakini fedha zake huwa chache na kikundi kikivunja mzunguko mwisho wa mwaka kila deni lazima liwe limelipwa. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutolewa hasa kwa vikundi vya uzalishaji na haikukusudiwa kulipia madeni ya mtu binafsi.

Kwa msomaji aliye kwenye SACCOS nyingine, au anayefikiria kujiunga, nashauri aulize mambo matatu ambayo hayahitaji utaalamu: leseni ya chama kutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika, taarifa ya ukaguzi ya karibuni, ambayo kwa vyama vingi hufanywa na COASCO, shirika la umma la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na iwapo mwajiri hupeleka makato ya wanachama kwa wakati. La mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloweza kukausha fedha za chama kilicho kizuri kwa kila jambo lingine. Aulize pia kama riba hutozwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa awali, kwa kuwa asilimia ile ile, ikitozwa kwa njia hizo mbili, hutoa gharama zinazokaribia kuzidiana maradufu.

Ombi langu kwa bodi yetu ni kutenga fungu la mikopo ya kulipia madeni lisilochanganywa na foleni ya kawaida, na kumruhusu mwanachama mpya kulitumia baada ya miezi miwili ya akiba endapo atapata wadhamini wanne badala ya watatu. Fungu hilo halihitaji kuwa kubwa. Likianza na shilingi milioni 10, linaweza kuwahudumia wanachama kumi wenye deni kama la mwenzangu kwa wakati mmoja na kubakiwa na 400,000, na marejesho yao ya mwezi wa kwanza peke yake, ambayo ni shilingi 944,000, yakijumlishwa na baki hilo yanatosha kumlipia wa kumi na moja.